Wakuu, saa ya kuzamia kwa pumzi moja nichague kwa vigezo gani?

MbiziPumzi (mleta uzi)

Wakuu habari za humu. Nimemaliza kozi ya kwanza ya kuzamia kwa pumzi moja, ile bila mtungi, saivi nashuka mita 16 mpaka 20 kwenye kamba na nataka ninunue saa yangu mwenyewe maana mpaka leo natumia ya kuazima. Nimesoma mpaka kichwa kinaniuma. Kuna Garmin Descent ambazo zina kila kitu, kuna Suunto, kuna Shearwater, kuna Mares Smart Apnea ambayo ni ya pumzi tu, kuna Apple Watch Ultra, alafu kuna mtu anauza Suunto D4i iliyotumika. Moja imeandikwa mita 100, nyingine mita 200, nyingine ina ramani na mapigo ya moyo. Mi nataka kujua hivi vitu vipi kweli vinanisaidia nikiwa chini na vipi ni vya kuvutia mnunuzi tu. Naombeni ushauri wa mtu anayezamia, sio wa mtu aliyesoma tangazo.

Nahodha22

Mkuu kama mfuko unaruhusu chukua Garmin Descent Mk3 umalize kazi. Inaenda mita 200, ina GPS, skrini kali, unaivaa kazini unaivaa baharini. Ukinunua ndogo leo kesho utataka kubwa.

KambaNaBoya

Nahodha nakuheshimu lakini hapo kwenye mita 200 ndo watu wengi wanapotelea, ngoja nieleze kidogo, itakuwa ndefu mnivumilie.

Mzamiaji wa kozi ya kwanza anafanya kazi kwenye mita 20 hivi, wa kozi ya pili anaenda mpaka mita 30. Hata saa ndogo nyingi za kuzamia siku hizi zinafika mita 80 au 100. Watu wanaopita mita 100 kwa pumzi moja duniani ni wachache na hao hawaji humu kuuliza wanunue saa gani. Kwa hiyo ile namba kubwa kwenye boksi iache, haikuongezei kitu. Unachotakiwa kujiuliza ni hivi: hii saa itaniambia nini nikiwa nashuka kichwa chini miguu juu, macho kwenye kamba, mkono mmoja puani nasawazisha masikio? Maana kwenye hiyo hali hutakiwi kuitazama kabisa.

Jaribu hata hapo ulipokaa. Inamisha kidevu kama unavyokuwa unashuka, alafu nyoosha shingo utazame mkono ulioko mbele yako. Umesikia koo lilivyovutika? Sasa hiyo ukiifanya mita 15 huku unajaribu kusukuma hewa kwenda masikioni kwa ulimi, hewa inagoma kupita, unasimama, masikio yanauma, mbizi imeisha. Wanafunzi wengi sana wanaolalamika masikio yanagoma mita 12 au 15 ukiwaangalia utakuta wanatazama saa au wanatazama chini mwisho wa kamba uko wapi. Ndo maana mi kigezo changu cha kwanza kabisa ni ALAMU. Saa iwe na alamu za kina ambazo unazipanga mwenyewe, ziwe kadhaa, na uzisikie au uzihisi bila kutazama.

Alamu za kina unazitumia hivi. Tuseme umepanga mita 20 leo. Unaweka moja mita 10, unajua hapo shinikizo limefika mara mbili ya juu na mapafu yamebaki nusu, kwa hiyo kuanzia hapo unapunguza kupiga mapezi. Ya pili unaweka pale unapoacha kabisa kupiga na kuuachia mwili uzame wenyewe, kwa wengi ni kati ya mita 10 na 15 kutegemea uzito uliojifunga na unene wa wetisuti, ile nguo ya mpira ya kuzuia baridi. Ya tatu mita 2 au 3 kabla ya mwisho wa kamba, ili ujue umekaribia na mkono uwe tayari. Wakati wote huo macho yako kwenye kamba na shingo imetulia. Sasa kuna saa zina alamu moja tu ya kina, kuna zenye tatu, kuna zenye tano na zaidi, na kuna ambazo zinalia wakati wa kushuka tu. Uliza hilo kabla hujatoa hela. Alamu ya kupanda inapofika mita 10 ni muhimu sana kwangu kwa sababu hapo ndo pa kutulia, pa kuacha haraka, mwenzako anakuwa ameshakufikia anakutazama usoni.

Na alamu inafikaje kwako? Hapa kuna mlio na kuna mtetemo. Ukivaa kofia ya wetisuti ya milimita 5, mlio wa saa iliyoko mkononi unaweza usiusikie kabisa, hasa mkono ukiwa umeunyoosha. Mtetemo nao ukivaa saa juu ya wetisuti nene unahisi kwa mbali sana. Ndo maana utaona wazamiaji wengine wanaitoa saa mkononi wanaichomeka ndani ya kofia karibu na sikio au wanaifunga kwenye mkanda wa maski, sio fasheni, wanatafuta kusikia. Kama utazamia maji ya uvuguvugu bila kofia, mlio unatosha. Kama ni maji baridi tafuta yenye vyote viwili. Suunto D5, Shearwater Teric na Garmin Descent zinatetema. D4i inalia tu, haitetemi.

Kigezo cha pili ni ile saa inakufanyia nini ukiwa JUU. Nitarudi kwenye hilo maana watu wanalidharau sana na kwangu ndo lenye uhai wa mtu ndani yake.

MbiziPumzi

Asante sana mkuu, hiyo ya shingo nimeijaribu hapa hapa kwenye kiti, kweli kabisa. Sasa swali la pili, nina saa ya kawaida ya michezo imeandikwa ATM 5, kwamba mita 50. Si mi naenda mita 20 tu? Kwa nini isitoshe?

DadaMapezi

Usijaribu kaka. Ile ATM 5 ni kipimo cha maabara, saa imetulia, haitikiswi, shinikizo halipandi na kushuka haraka, hamna mtu anabonyeza batani. Watengenezaji wenyewe wanakuandikia kwenye kijitabu kwamba ni ya kuogelea juu juu sio kuzamia. Saa ya kuzamia inapimwa kwa viwango vyake, ISO 6425 kwa saa ya mzamiaji na hiyo inaanzia mita 100, na EN 13319 kwa usahihi wa kipimo cha kina na muda. Ukiona saa inajitangaza kuwa inapima kina, tafuta hiyo EN 13319 kwenye maelezo yake. Isipokuwepo, achana nayo.

Alafu hiyo ya michezo hata ikivumilia maji, nyingi hazina kabisa sensa ya kina, yaani kihisi cha kupima umeshuka kiasi gani. Itakupa muda tu.

Nahodha22

Na Apple Watch Ultra? Ile ina sensa ya kina na naona watu wanaitumia.

DadaMapezi

Inayo, tangu ilipotoka 2022, na wenyewe Apple wameiwekea mwisho wa mita 40. Kwa mtu wa mita 20 inatosha kabisa kwa kina. Ila tatizo langu nayo ni betri ya kuchaji kila baada ya siku moja au mbili, na skrini ya kugusa haifanyi kazi ndani ya maji kwa hiyo unategemea batani na aplikesheni unayoweka. Kama tayari unayo, weka aplikesheni nzuri ya kuzamia utumie. Kwenda kuinunua kwa ajili ya kuzamia tu, hapana. Na ukiwa na mpango wa kupita mita 40 siku moja, itakuacha njiani.

KambaNaBoya

Nakubaliana na dada. Nirudi kwenye ahadi yangu.

Saa ya pumzi ikiwa kwenye modi ya pumzi inafanya kitu kimoja kizuri sana: ukifika juu, yenyewe bila kuguswa inaanza kuhesabu muda wa kupumzika. Ukishuka tena ukapita mita 1 au 1 na nusu hivi, inaanza kuhesabu mbizi mpya. Huo muda wa juu ndo unaolinda maisha yako. Kanuni ya chini kabisa ambayo wakufunzi wengi wanaitumia ni kupumzika mara mbili ya muda uliokaa chini. Umekaa dakika 1 na sekunde 30, unapumzika dakika 3 kamili kabla ya kushuka tena. Na ukianza kwenda kina kirefu unaongeza, kuna kanuni ya kugawa kina kwa 5 unapata dakika, mita 30 ni dakika 6, mita 40 ni dakika 8, unachukua ile iliyo ndefu zaidi.

Kwa nini? Kwa sababu baada ya mbizi moja unajisikia mzima wakati mwili bado haujarudi sawa. Kabonidayoksaidi bado iko juu, oksijeni haijajaa, miguu ina deni. Hisia hazikwambii hilo. Ukiwa na furaha, maji masafi, wenzako wanashuka, dakika moja unaiona kama tano. Hapo unahitaji kitu mkononi kinachokwambia HAPANA BADO. Kwa hiyo tafuta saa ambayo huo muda wa juu unaonekana kwa namba kubwa kwenye skrini ya kwanza bila kubonyeza chochote, na iwe na alamu ya muda wa kupumzika. Kuna zile zinazohesabu kurudi nyuma toka dakika 3 mpaka sifuri, hizo nazipenda zaidi kwa wanaoanza.

Sasa kitu ambacho saa haifanyi, na hapa naomba kila anayesoma asome taratibu. Saa haijui una oksijeni kiasi gani. Ukiwa mita 30 shinikizo ni mara nne ya juu, oksijeni iliyobaki mapafuni inasukumwa kwenye damu vizuri tu, unajisikia una pumzi nyingi. Ukianza kupanda shinikizo linashuka na ile nguvu ya kusukuma oksijeni inashuka nayo, na kwenye mita 10 za mwisho shinikizo linapungua kwa nusu nzima. Ndo maana watu wanazimia karibu na juu au wakiwa tayari wameshatoa kichwa nje, sio kule chini. Hamna saa yoyote, ya bei yoyote, inayoweza kuliona hilo likija. Anayeliona ni mwenzako aliyeko mita 10 anakusubiri, na anayeendelea kukutazama sekunde 30 baada ya kufika juu. Saa bila mwenza aliyefundishwa uokoaji usishuke.

Chewa

Mi ni mtu wa bunduki ya samaki, sishuki kwenye kamba. Kwetu huo muda wa kupumzika ndo kila kitu, maana mtu wa kamba anashuka mara chache anaondoka, sisi tunashuka kutwa nzima. Na kuna jambo wengi hawaamini: ugonjwa wa mgandamizo, ule wa viputo vya naitrojeni mwilini, unaweza kumpata hata asiyetumia mtungi. Wazamiaji wa lulu wa visiwa vya Tuamotu walikuwa wanaujua zamani wakauita taravana, na mwaka 1965 daktari Poul-Erik Paulev aliandika jinsi ulivyompata mwenyewe baada ya kushuka mara nyingi mfululizo kwa pumzi kwenye tangi la mita 20 akipumzika muda mfupi. Mzamiaji wa pumzi Herbert Nitsch aliyeshuka mita 214 mwaka 2007 naye ulimpiga vibaya sana 2012 alipojaribu kwenda mbali zaidi. Sasa hizi saa zetu nyingi kwenye modi ya pumzi hazihesabu naitrojeni kabisa. Zinajua kina na muda basi. Kwa hiyo mwindaji anayeshuka mita 20 na kitu kila baada ya dakika moja asije akasema saa haijanionya.

Kwa wawindaji wenzangu, kitu cha kuangalia ni saa isiyopiga kelele hovyo. Garmin wana modi ya Apnea Hunt ambayo inanyamazisha milio ya kuanza na kumaliza mbizi. Kwenye saa nyingine zima milio mwenyewe acha mtetemo. Samaki mkubwa anasikia bwana.

MbiziPumzi

Hapo kwa Nitsch na taravana sikuwa najua kabisa aisee. Sasa nauliza hivi, kwa nini nisinunue saa ya skuba ya kawaida nikaitumia? Ina kina, ina muda, na siku nikitaka mtungi ninayo.

KambaNaBoya

Nyingi zina modi zote mbili na hiyo haina shida. Shida ni kutumia modi ya skuba kwenye pumzi. Mtu wa mtungi anatakiwa kupanda mita 9 au 10 kwa dakika. We unapanda karibu mita 1 kwa sekunde, yaani mita 60 kwa dakika. Saa ikiwa modi ya skuba itakupigia kelele njia nzima kwamba unapanda kasi, nyingine zitaona umekiuka taratibu zinajifunga hazikupi hesabu tena kwa saa 24 au 48. Alafu kumbukumbu. Modi ya skuba inarekodi kina kila baada ya sekunde 10, 20 au 30. Mbizi yako ni sekunde 50, utapata vidoti vichache tu kwenye grafu, haina maana yoyote. Modi ya pumzi inarekodi kila sekunde 1 na nyingine zaidi ya hapo.

Na hiyo grafu usiidharau, ni mwalimu. Ukiifungua jioni kwenye simu unaona mstari wa kushuka. Ukiwa umenyooka, ulishuka kwa kasi moja. Ukiona umelala kidogo kwenye mita 13 alafu ukaendelea, hapo ulipunguza mwendo na mara nyingi ni masikio yaligoma ukayabembeleza. Ukiona kasi inaanza juu sana inaisha chini, ulipiga mapezi kwa nguvu mwanzoni ukamaliza oksijeni bure. Kule chini kabisa ukiona mstari umekaa sambamba sekunde kadhaa ujue unachelewa kugeuka. Mkufunzi mzuri akiona grafu tatu za mtu anajua ampe zoezi gani.

Na kama utachanganya mtungi na pumzi, kumbuka kushuka kwa pumzi baada ya mtungi siku hiyo hiyo ni hatari, subiri mpaka kesho yake. Saa ikiwa imekufungia modi ya pumzi baada ya mtungi usitafute njia ya kuizunguka.

DadaMapezi

Mi naongeza vitu vya bwawani maana hakuna aliyevigusa. Kama mazoezi yako mengi ni ya kuogelea kwa pumzi kwa urefu wa bwawa, jua kwamba saa nyingi hazitaanza kuhesabu kabisa. Unaogelea mita 1 chini ya maji, saa inasubiri upite mita 1.2 au 1.5, kwa hiyo inakuona bado uko juu. Tafuta ambayo kina cha kuanzia unaweza kukibadilisha, au yenye stopwochi ya kubonyeza kwa urahisi, au ile yenye modi yake ya bwawani. Kuna watu wamenunua saa kali wakaja kugundua bwawani haiwafai.

Mkanda pia. Wetisuti inasinyaa ukishuka, mkanda uliokaza vizuri juu unalegea mita 20 na saa inazunguka mkononi inaishia upande wa kiganja. Chukua mkanda wa mpira unaovutika, mrefu wa kutosha kuzunguka mkono ukiwa na wetisuti. Ile mikanda ya chuma ya kupendeza iache kwa ajili ya harusi.

Na mapigo ya moyo, kaka hilo ulilitaja mwanzo. Sensa ya taa inayokaa chini ya saa inasoma damu inayopita kwenye ngozi ya mkono. Ukizamia, mwili unafunga mishipa ya mikono na miguu ili damu ibaki kwenye moyo na ubongo, na hiyo ndo kitu unachokitafuta ukizamia vizuri. Sasa sensa itasoma nini wakati damu imeondoka? Na ukivaa saa juu ya wetisuti ndo haisomi kabisa. Usilipie zaidi kwa ajili ya hiyo. Ile mikanda ya kifuani nayo mawimbi ya Bluetooth hayapiti kwenye maji, labda ile inayohifadhi data yenyewe alafu inaituma ukitoka. GPS pia haifanyi kazi chini, inakuwekea alama ulipoingilia na ulipotokea, ni nzuri kwa akina Chewa wanaokwenda mbali na boti, kwa mtu wa kamba na boya haina kazi kubwa.

Nahodha22

Sawa nimeelewa, mita 200 nimeifuta. Ila skrini ya rangi natetea. Kule chini giza.

KambaNaBoya

Natetea na mimi, kwa sharti namba ziwe kubwa. Ukiwa unapumua juu ya boya jua linawaka, ukiwa chini mwanga hafifu, skrini inatakiwa isomeke kote kuwili. Skrini kama za Teric na Mk3 zinawaka zenyewe na ni nzuri sana kwenye giza, zile za Descent za zamani na Descent G1 zinasomeka vizuri zaidi juani na hazili betri. Saa za pumzi tupu nyingi ni nyeusi na nyeupe lakini namba ya kina inajaza nusu ya kioo, na mtu anayezamia bila maski, na kibanio cha pua tu, ndo hizo tu anaweza kuzisoma maana kila kitu kinaonekana ukungu.

Betri: kuna ya kuchaji na kuna ya kidonge unayobadilisha. Ukiwa mtu wa kukaa siku nyingi mbali na umeme, kidonge ni raha, unabeba kimoja cha akiba. Ila ukikibadilisha mwenyewe ule mpira wa duara unaozuia maji usirudishe mkavu wala wenye unywele au mchanga. Upake mafuta ya silikoni kidogo, uutazame kwa makini kwenye mwanga, ukiwa na mpasuko hata mdogo weka mpya. Kuna saa ambazo mtengenezaji anataka betri ibadilishwe na fundi wake, jua mapema fundi huyo kama unaweza kumfikia.

MbiziPumzi

Sasa wakuu hiyo D4i iliyotumika. Muuzaji anasema nzima. Niangalie nini?

KambaNaBoya

D4i ilipendwa sana na watu wa pumzi, nyepesi, namba zinasomeka, modi ya pumzi inarekodi vizuri. Imeshaacha kutengenezwa kwa hiyo vipuri na kebo yake ya kuunganisha na kompyuta hakikisha anakupa pamoja.

Ukiishika geuza tazama upande kuna vitundu vidogo, hapo ndo sensa ya shinikizo inapumulia. Viwe visafi. Chumvi ikiganda humo saa inasoma kina pungufu au inachelewa, unakuwa mita 20 yenyewe inasema 18. Ukiona vyeupe vyeupe iloweke kwenye maji yasiyo na chumvi, ya vuguvugu kidogo, kwa muda, usichokonoe kwa sindano wala usipulize kwa hewa ya nguvu, sensa inatoboka hapo hapo. Tazama kioo kwa ndani, ukiona ukungu au doa la unyevu rudisha. Bonyeza kila batani usikie inarudi vizuri. Ichovye kwenye bakuli la maji uone inajiwasha, maana nyingi zina vichuma vinavyohisi maji na vikichakaa saa haiingii modi ya kuzamia. Alafu ingia kwenye kumbukumbu yake utazame kina na idadi ya mbizi, hiyo haidanganyi kama mtu anavyoweza kudanganya.

Baada ya hapo ijaribu kwenye kamba. Na hapa usije ukailaumu bure. Kamba ina alama ya mita 20, saa inasema 20.6. Kwanza angalia mpangilio wa maji, ya chumvi au yasiyo na chumvi. Maji ya bahari ni mazito kwa karibu asilimia 3, kwa hiyo saa iliyopangwa maji yasiyo na chumvi ikiingia baharini inazidisha nusu mita na kitu kwenye mita 20. Pili unashuka kichwa chini na mkono wenye saa umetangulia, kwa hiyo mkono uko chini zaidi ya kichwa. Tatu mkondo wa maji ukiilaza kamba, alama ya mita 20 haiko tena mita 20 kwenda chini, inakuwa pungufu, hapo saa ndo inasema kweli kuliko kamba. Njia rahisi ni kuzifunga saa mbili tatu za watu mnaowaamini kwenye mwisho wa kamba pamoja na hiyo, mnashusha na uzito, mnavuta juu mnalinganisha. Ikitofautiana sana na wenzake achana nayo.

Chewa

Na ukimaliza kila siku suuza kwa maji yasiyo na chumvi, usibonyezebonyeze batani wakati unasuuza. Wengi wanaua saa zao kwenye ndoo ya kusuuzia, sio baharini.

MbiziPumzi

Nimechora mwelekeo wakuu. Mi ni mtu wa kamba, maji yetu hayahitaji kofia, mtungi sina mpango nao. Kwa hiyo nachukua saa yenye modi nzuri ya pumzi, yenye alamu za kina zaidi ya moja na hesabu ya kupumzika inayorudi nyuma, ile D4i nitaijaribu kwenye kamba na wenzangu kwanza kabla ya kulipa. Swali la mwisho: alamu ya muda wa mbizi niweke ngapi?

KambaNaBoya

Safi sana. Ya muda weka pale ambapo unatakiwa uwe umeshageuka unapanda, usiweke kwenye rekodi yako. Mbizi yako ya mita 20 ikichukua sekunde 50 kwa kawaida, weka sekunde 30. Ikilia ukiwa bado unashuka, geuka hapo hapo hata kama umebakiza mita 2 na unajisikia vizuri. Na mwambie mwenzako umeiweka ngapi, ili akiona sekunde 40 zimepita hujaonekana kwenye kamba aanze kushuka.